Dawa ya saa sita mchana: kisa cha fundi cherehani mwenye ugonjwa wa Parkinson

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja niliyemhudumia kwa karibu miaka minane nikiwa muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Jina lake, mahali anapoishi na hospitali alizopitia nimeviacha, na mambo machache yasiyogusa tiba nimeyageuza ili asitambulike. Yeye na binti yake wameridhia kisa kiandikwe. Nitamwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani.

Nimekiandika kwa sababu katika miaka yote hiyo, kilichomrudisha nyuma kuliko kitu kingine ni siku tatu alizolazwa kwa ajili ya mfupa uliovunjika. Ugonjwa wake wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwendo wa mwili kuwa mzito, ulikuwa unajulikana, dawa zake zilikuwepo, na watu waliokuwa wakimhudumia walikuwa wanajituma. Alichokosa ni saa.

Usuli

Fundi alifika kwetu akiwa na miaka 58. Karatasi ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: maumivu sugu ya bega la kulia, hayaitikii matibabu. Kwa miezi 14 alikuwa amechomwa sindano mbili begani, akafanyishwa mazoezi, akanywa dawa za maumivu mpaka tumbo likaanza kumsumbua. Aliambiwa bega limeganda, na kweli lilikuwa limekaza. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku hiyo alikuwa ametokea kazini, na daftari lake la vipimo lilikuwa limechomoza kwenye mkoba. Daktari aliomba kulitazama. Ni daftari la kawaida la fundi: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Kurasa za miaka miwili nyuma, tarakimu zilijaa mstari. Kadiri alivyofunua kuja mbele zilizidi kusinyaa, na hata ndani ya ukurasa mmoja kipimo cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha sita kimekuwa kama punje. Kurasa za mwisho zilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine. Binti yake ndiye aliyekuwa ameanza kumwandikia.

Maswali yaliyofuata hayakuhusu bega. Anasikia harufu vizuri? Fundi alifikiri kidogo, akasema mwaka uliopita aliunguza gauni la mteja kwa pasi akiwa amesimama juu yake, na mtu wa chumba cha pili ndiye aliyekuja mbio kwa ajili ya moshi. Choo? Anapata mara moja kwa siku nne au tano, na imekuwa hivyo kwa miaka. Usingizi? Hapo mumewe, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akasema: “Daktari, mwenzangu anapigana usiku. Juzi kanipiga ngumi ya shavu, asubuhi nikimuuliza hana habari.” Na mguu wa kulia umekuwa mzito kwenye pedeli ya cherehani, mshono unakwenda kwa kushtukashtuka.

Hakuwa anatetemeka, na hilo ndilo lililowapoteza wote waliomwona kabla. Wengi wetu tumezoea kuujua ugonjwa wa Parkinson kwa mkono unaotetemeka juu ya paja. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na wapo wanaoanza kutetemeka baada ya miaka. Kupotea kwa harufu, kufunga choo na kurusha ngumi usingizini vinaweza kutangulia kwa miaka mingi kabla viungo havijaanza kuwa vizito.

Jinsi utambuzi ulivyofikiwa

Daktari alimwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada, kwa upana na kwa haraka awezavyo. Mkono wa kushoto uligonga bila shida. Wa kulia ulianza vizuri, kisha mwanya kati ya vidole ukaanza kufupika, kasi ikashuka, na karibu na pigo la kumi vidole vikasimama kabisa kama vimesahau, halafu vikaendelea. Nguvu ya mkono ilikuwa ya kawaida. Mwendo kupungua na kufifia kadiri unavyorudiwa ndiyo alama kuu ya ugonjwa huu. Alipokunjwa na kukunjuliwa kifundo cha mkono, kilikuja kwa kukwamakwama mfano wa gurudumu la meno. Alipotembea kwenye korido, mkono wa kushoto ulipunga, wa kulia ulining'inia tu. Bega halikuwa limeugua lenyewe. Lilikaza kwa sababu mkono ulikuwa umeacha kupunga bila mwenyewe kujua.

Kabla ya kutaja jina la ugonjwa, daktari alipitia orodha ya vitu vinavyofanana nao. Dawa za kutuliza magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kichefuchefu zinaweza kuleta dalili hizihizi, na kwa kuwa Fundi alikuwa anatibiwa tumbo, kila kidonge alichokuwa akinywa kilikaguliwa. Hakukuwa na cha jamii hiyo. Aliulizwa kama anaanguka kinyumenyume, akaangaliwa kama macho yanashuka chini vizuri, akaulizwa kuhusu mkojo na kizunguzungu anaposimama. Yapo magonjwa mengine ya ubongo yanayoanza kwa kukakamaa kisha yakaenda kasi zaidi na kutoitikia dawa, na dalili za namna hiyo zikitokea mapema huwa ni onyo. Hakuwa nazo.

Picha ya MRI ilipigwa ili kuondoa shaka ya uvimbe, kiharusi au maji kujaa kichwani. Ilitoka safi. Hapa tulikosea kidogo: hatukuwaambia mapema kwamba picha safi ndiyo tuliyoitarajia, na familia iliondoka siku hiyo ikiamini hakuna ugonjwa. Ilichukua ziara mbili kurekebisha hilo. MRI ya kawaida haiuonyeshi ugonjwa wa Parkinson. Utambuzi unasimama juu ya historia ya mgonjwa, macho na mikono ya daktari, na baadaye jinsi mwili unavyoitikia dawa.

Kinachotokea ndani ya ubongo, na kwa nini saa ni muhimu

James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 akitumia wagonjwa sita tu, wengine akiwa amewaona barabarani. Aliona kuinama, kutetemeka na hatua zinazokimbizana, lakini chanzo hakikujulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1960 huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer walionyesha kwamba ubongo wa waliokufa na ugonjwa huu umepungukiwa sana na dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Mwaka 1967 George Cotzias, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba levodopa ikipandishwa polepole hadi kiasi kikubwa inaweza kumwinua mgonjwa aliyekuwa hawezi kujigeuza.

Dopamini yenyewe ikimezwa haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Levodopa inavuka, kisha inageuzwa kuwa dopamini humo ndani. Ndiyo maana karibu kila mgonjwa huishia kuinywa, ikiwa imechanganywa na kabidopa au benserazidi inayoizuia isigeuzwe kabla ya kufika.

Jambo ambalo ningependa kila anayemhudumia mgonjwa wa Parkinson alishike ni hili. Miaka ya mwanzo, seli zilizobaki kwenye eneo la ubongo linaloitwa substansia nigra huipokea levodopa, huihifadhi kama dopamini na kuitoa kidogokidogo. Zinafanya kazi ya ghala. Mgonjwa akichelewa kidonge kwa saa mbili, ghala linamfichia aibu. Seli zinapoendelea kufa, ghala linaisha. Levodopa hupungua nusu ndani ya damu kwa takriban saa moja na nusu, na mgonjwa asiye na ghala anaishi kwa kidonge alichomeza mara ya mwisho. Kidonge kilekile, kipimo kilekile, lakini sasa kuchelewa dakika 40 kunamfanya mtu aliyekuwa anatembea ashindwe kuinuka kitini. Mwenye kumtazama kwa nje huona ukaidi au uvivu.

Miaka mitano ya kwanza

Swali la kwanza la familia lilikuwa kama waahirishe levodopa ili “isiishe nguvu mapema”. Hofu hiyo ni ya kawaida sana, na nimewaona watu waliokaa miaka wakiteseka kwa ajili yake. Utafiti wa LEAP wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2019, uliwalinganisha walioanza levodopa mara moja na waliocheleweshewa kwa wiki 40. Haukukuta kwamba kuanza mapema kunauharakisha ugonjwa wala kwamba kunaupunguza kasi. Dawa inatibu dalili. Kinachoifanya ionekane kuchoka ni ugonjwa wenyewe kusonga mbele.

Daktari aliamua kuanza na levodopa badala ya dawa za jamii ya pramipeksoli, zinazoiga kazi ya dopamini. Sababu mbili zilitajwa mbele ya Fundi mwenyewe: kwamba anaishi kwa mikono yake na anahitaji dawa yenye nguvu zaidi, na kwamba ile jamii nyingine inaweza kuleta tamaa isiyozuilika ya kamari, kununua vitu au mambo mengine, hasa kwa mtu ambaye hakuonywa. Alianza nusu kidonge mara tatu kwa siku, baada ya wiki chache kikawa kidonge kizima chenye miligramu 100 za levodopa.

Mabadiliko yalionekana ndani ya mwezi. Aliporudi alituletea lile daftari bila kuombwa, akafungua ukurasa wa wiki hiyo. Tarakimu zilikuwa zimerudi kujaa mstari, kwa mwandiko wake mwenyewe. Bega lililochomwa sindano mbili lilikuwa linapanda bila maumivu.

Miaka minne ilipita hivyo, na sina mengi ya kusema juu yake. Alifanya mazoezi, alishona, dozi zikaongezwa kidogo.

Mwaka wa tano dawa ilianza kukata kabla ya dozi inayofuata. Wagonjwa wetu husema “dawa imeshika” na “dawa imekata”, na hakuna maneno bora kuliko hayo. Tulimpa binti yake kazi: kwa wiki moja aandike kila saa kama mama yake anatembea vizuri, ameganda, au mwili unanyonganyonga bila hiari. Aliyaandika kwenye kurasa tupu za daftari la vipimo. Wiki hiyo moja ya maandishi ilitufundisha kuliko ziara zote za mwaka mzima, kwa sababu kliniki tulikuwa tunamwona saa nne asubuhi, dawa ikiwa imeshika, na kila mara tulikuwa tunaandika “anaendelea vizuri”.

Kurasa hizo zilionyesha mambo matatu. Dawa ilikuwa inakata baada ya saa tatu na nusu. Dozi ya mchana mara nyingi haikushika kabisa siku alizokula nyama au mayai kwa wingi, kwa sababu protini hugombania njia ileile ambayo levodopa hupitia utumboni na kuingia kwenye ubongo. Na kwa miezi miwili dozi ya asubuhi ilikuwa dhaifu, jambo ambalo hatukulielewa mpaka binti alipotaja, kwa kupita tu, kwamba mama alipewa vidonge vya madini ya chuma na daktari mwingine kwa ajili ya upungufu wa damu. Alikuwa anavimeza pamoja na levodopa ili asisahau. Chuma hushikamana na levodopa tumboni na kuizuia isiingie mwilini.

Tulitenganisha chuma na levodopa kwa zaidi ya saa mbili. Dawa ikawa inanywewa nusu saa au zaidi kabla ya chakula, na protini nyingi ikahamishiwa mlo wa jioni bila kuipunguza kwa jumla, maana mgonjwa wa Parkinson anayekonda ana hatari zake. Dozi zikawa tano: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 12 jioni.

Wakati huo ndipo miguu ilipoanza kuganda. Hakuganda popote ila mlangoni. Alikuwa anafika kwenye kizingiti, kiwiliwili kinataka kwenda, nyayo zimebaki kama zimebandikwa sakafuni, magoti yanacheza. Ukimvuta mkono anaanguka. Mtaalamu wa fiziotherapia alimweleza kwamba mistari ya kukatiza sakafuni inaweza kumsaidia, kwa sababu hatua inayoongozwa na macho hupitia njia nyingine ubongoni kuliko ile ya mazoea iliyoharibika. Fundi hakusubiri aletewe kifaa. Alitoa chaki yake ya kukatia nguo, akamshikisha binti ncha moja ya tepu, wakapiga mistari sita mlangoni, kila mmoja sentimita 40 kutoka kwa mwenzake. Akaikanyaga mmoja baada ya mwingine na kutoka nje. Kila asubuhi binti alikuwa anaipiga upya kwa kuwa inafutika wakifagia.

Kuanguka na siku tatu za wodini

Mwaka wa saba, saa 10 alfajiri, Fundi aliamka kwenda chooni, akasimama haraka, akaona giza, akaanguka. Nyonga ya kushoto ilivunjika.

Alifika hospitali karibu na saa 12, na dozi ya kwanza ya siku ikapita akiwa kwenye machela. Kitandani pakawekwa agizo kwamba asile wala kunywa chochote, akisubiri upasuaji. Dawa alizokuja nazo zilichukuliwa zikafungiwa kabatini kwa utaratibu wa wodi. Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake. Wodi ilikuwa na mizunguko mitatu ya dawa: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Alipewa kidonge kimoja saa 2 usiku.

Siku ya pili alizuiwa tena kula, akafanyiwa upasuaji kabla ya mchana, na mfupa ukaunganishwa vizuri. Alipoamka kutoka kwenye nusukaputi alitapika. Akachomwa sindano ya metoklopramidi, na usiku akarudiwa. Dawa hiyo huingia kwenye ubongo na kuziba milango ileile ambayo dopamini hupitia kufanya kazi yake. Jioni alipewa kidonge cha levodopa. Binti alisema, “Sista, mama yangu hajapata dawa yake tangu jana, ndiyo maana amekaza hivi.” Akajibiwa kwa upole kwamba ameshapewa. Asubuhi yake alipokuwa akimsafisha kinywa, alikikuta kile kidonge kimebaki shavuni, kimelainika nusu. Hakuwa na uwezo wa kumeza tena.

Usiku huo wa siku ya pili alichanganyikiwa, akang'oa dripu, akapiga kelele kwamba kuna watu chumbani. Akachomwa haloperidoli ili atulie. Nayo huziba milango hiyohiyo, kwa nguvu zaidi.

Siku ya tatu alikuwa amekakamaa mwili mzima, hasemi, jasho linamtoka, joto nyuzi 38.9. Wodi ilianza antibiotiki ikishuku homa ya mapafu, na ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Mchana binti alinipigia simu kliniki. Maneno yake ya kwanza hayakuwa juu ya homa. Alisema, “Sista, nimehesabu.” Kati ya dozi 13 ambazo mama yake alipaswa kuwa amepata, alikuwa amemeza moja.

Uamuzi wa siku ya tatu

Daktari wetu alikwenda wodini ndani ya saa moja, nami nikafuatana naye. Mgonjwa wa Parkinson anayekatiwa levodopa ghafla anaweza kuingia kwenye hali ya hatari ya kukakamaa, homa, kuchanganyikiwa na misuli kuvunjika, ambayo huweza kuua. Kwa macho, haitofautiani sana na maambukizi makali, na mara nyingi vyote viwili huwa pamoja. Uamuzi ulikuwa kutosubiri majibu ili kujua ni kipi, bali kutibu vyote.

Metoklopramidi na haloperidoli zilisimamishwa na kuandikwa kwa wino mwekundu mbele ya chati. Mpira ulipitishwa puani hadi tumboni. Levodopa ikarudishwa kwa kipimo chake cha zamani, si zaidi, vidonge vya kawaida vikiyeyushwa kwenye maji. Vile vya kutoa dawa polepole havifai kusagwa, na tulihakikisha havikuwa hivyo. Chakula cha kupitia kwenye mpira kilipangwa kisigongane na saa za dawa. Kwa kichefuchefu alipewa domperidoni, ambayo kwa kawaida haivuki kuingia ubongoni, baada ya kipimo cha moyo kuonyesha mapigo yako sawa. Damu ilipimwa kuangalia kimeng'enya cha misuli na figo. Kimeng'enya kilikuwa juu, figo zilikuwa bado salama. Maji ya dripu yakaongezwa.

Kwa kuchanganyikiwa hakupewa dawa yoyote. Binti alikaa kando ya kitanda, taa ikaachwa ikiwaka, na miwani ya mama ikarudishwa machoni. Ingelazimu, daktari angetumia kwetiapini, dawa ya kutuliza isiyoziba sana milango ya dopamini, kwa kiasi kidogo. Haikulazimu.

Siku ya tano joto lilishuka. Siku ya sita asubuhi, dakika 50 hivi baada ya dozi ya saa 3, alimtazama binti yake akasema, kwa sauti isiyozidi pumzi, “Nywele zako zimefumuka.”

Matokeo

Alikaa hospitali wiki tano, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya homa ya mapafu na kidonda cha mgongoni kilichotokana na kulala amekakamaa. Alitoka akitembea kwa fremu. Miezi sita baadaye alikuwa anatembea kwa fimbo ndani ya nyumba. Hakurudi pale alipokuwa kabla ya kuanguka. Kukanyaga pedeli kumeshindikana, na kushona kwake sasa ni kwa mkono: vifungo, pindo, kazi ndogo. Jioni huona watoto wadogo wamekaa kwenye kona ya chumba. Anajua hawapo, na hawamtishi, lakini kabla ya kulazwa hakuwa nao.

Siwezi kusema kwamba yote haya yasingetokea. Kuvunjika nyonga peke yake humrudisha nyuma mtu wa miaka 65. Ila kidonda cha mgongoni na kushindwa kumeza naamini tungeviepuka.

Uchambuzi

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililokaa katikati ya kisa. Kadi ya kliniki ambayo Fundi alikwenda nayo hospitali ilisomeka: “levodopa/kabidopa, kidonge 1 mara 5 kwa siku.” Ulikuwa mwandiko wangu. Kwa muuguzi wa wodi mwenye wagonjwa wengi na mizunguko mitatu, “mara 5 kwa siku” ni maelezo ya kiasi, si ya saa, naye huyapanga kadiri awezavyo. Kama ningeandika saa tano zile, mtu angeona kwamba saa 6 mchana haimo kwenye mzunguko wowote na angelazimika kuuliza. Viwango vya ubora vya NICE, taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, vinataka mgonjwa wa Parkinson aliyelazwa apate levodopa ndani ya dakika 30 za saa yake binafsi. Hakuna anayeweza kuheshimu saa ambayo haikuandikwa.

Kosa la pili pia ni la kliniki. Kwa zaidi ya mwaka hatukuwa tumempima presha akiwa amelala kisha amesimama. Tulipompima baada ya kutoka hospitali, ilikuwa 138/82 akiwa amelala na 106/64 dakika tatu baada ya kusimama. Kushuka kwa 20 kwenye namba ya juu kunatosha kuitwa tatizo. Yake ilishuka 32. Ugonjwa huu huharibu pia neva zinazoshikilia presha, na levodopa huishusha zaidi. Alikuwa ameshatuambia “nikisimama naona giza kidogo”. Tuliandika “kizunguzungu” na kuendelea na kuganda kwa miguu, kwa kuwa ndiko kulikoonekana kwa macho.

Agizo la kutokula wala kunywa lilieleweka vibaya, na hili naliona mara kwa mara. Dawa muhimu kwa kawaida huruhusiwa kumezwa kwa funda la maji kabla ya upasuaji, na levodopa ni mojawapo. Upasuaji unapoahirishwa ndipo hatari inapokuwa kubwa, maana mtu anafunga siku mbili kwa ajili ya operesheni moja.

Metoklopramidi na haloperidoli zilitolewa na watu waliokuwa wanajibu tatizo lililo mbele yao: mgonjwa anatapika, mgonjwa anang'oa dripu. Kwa mgonjwa mwingine zingekuwa dawa za kawaida. Ndiyo maana sidhani suluhisho ni kuwaambia watu wawe makini zaidi. Suluhisho ni onyo liwe mahali ambapo mkono unapita kabla ya kufika kwenye sindano, yaani mbele ya chati na kwenye kadi ya mgonjwa, dawa zikitajwa kwa majina.

Kilichofanya kazi kilikuwa kidogo lakini kilikuwa cha thamani. Daktari aliyeomba kuona daftari alifupisha safari ambayo ingeweza kuchukua miaka mingine miwili. Maandishi ya wiki moja yalitatua fumbo la chuma. Mistari ya chaki ilizuia sijui mara ngapi asianguke mlangoni. Na hesabu ya binti ndiyo iliyomwokoa mama yake. Alikuwa amesema ukweli tangu siku ya pili, lakini “hajapata dawa yake” lilisikika kama lalamiko la ndugu mwenye wasiwasi, na “dozi moja kati ya 13” likasikika kama habari ya kitabibu. Inaniuma kwamba ilibidi atafute namba ndipo asikilizwe.

Tulichobadilisha

Kadi zetu sasa zina jedwali la saa, na sehemu ya “mara ngapi kwa siku” tumeifuta kabisa. Nyuma ya kadi kuna mistari mitatu: usiikate levodopa ghafla; usimpe metoklopramidi, proklorperazini wala haloperidoli; akishindwa kumeza, apewe levodopa kwa mpira wa puani na kliniki ipigiwe siku hiyohiyo. Kila mgonjwa anaelekezwa kuwa na mfuko wenye dawa za siku tatu karibu na mlango, na ndugu anafundishwa kuomba, kwa jina, aruhusiwe kumpa mwenyewe kwa saa zake pale wodi inapokubali. Presha ya kulala na kusimama inapimwa kila ziara, na mimi ndiye ninayeandika namba.

Fundi ana miaka 66 sasa. Hushona kati ya saa 3 na nusu na saa 5 na nusu asubuhi, dawa ikiwa imeshika. Mistari ya mlangoni binti ameibadilisha kuwa ya utepe wa kubandika, ila Fundi ameagiza chaki iachwe juu ya kabati, kwa ajili ya nyumba za watu anazokwenda kutembelea. Kwenye ziara ijayo tutaanza kuzungumza naye kuhusu kumeza, na kuhusu anachotaka kifanyike siku mpira wa puani utakapokuwa si wa siku chache tu. Ameomba mumewe na binti wote wawepo, na ziara iwe saa nne asubuhi, ili aweze kusema mwenyewe.